Na Wewe Wayua

Mwaka wa kwanza nilirudi Langoni na madaftari kumi,
kinasa sauti kizito kama tofali,
na barua yenye muhuri iliyosema mimi ni mtafiti.
Shangazi Mwanazena aliishika barua juu chini,
akaitazama kwa adabu, akanirudishia.
"Vyema. Kaoshe mikono, tule."

Nikauliza: kwa nini redio huvishwa kitambaa cha kufumwa?
Wakanitazama kama mtu aulizaye njia ya kwenda kwao.
"Mwanangu, wauliza nini? Na wewe wayua."

Mzungu aliyenitangulia, aliyekaa miezi minane
akila wali wa nazi kwa uma, aliambiwa yote.
Mgeni huelezwa, mwenyeji huonywa.
Mimi niliambiwa, "Kaza buibui."

Ng'ambo, profesa alisema niko karibu mno.
Nyumbani walisema niko mbali mno:
natembea mbio, nabisha hodi mara moja tu.
Baina ya hapo na hapo pana ukumbi mwembamba,
upana wa mkeka mmoja.
Hapo nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja.

Nikaandika juu ya Bwanadi, fundi redio,
aliyeonja betri kwa ncha ya ulimi
kama mpishi aonjavyo chumvi, akasema,
"Hii imebakisha siku tatu." Zikawa tatu.
Vitabuni tukayaita maarifa ya mwili.
Yeye aliyaita kukosa pesa ya mita.

Nikaandika juu ya zidaka za ndani,
walimopanga nyanya zetu sahani za Kichina.
Leo modemu imekaa humo, yakonyeza kijani,
na kando yake chetezo,
kwani kitu kinachoingiza sauti za watu nyumbani
sharti kifukizwe.

Nikavuka hadi Siyu, kwa washona kofia.
Mishono yao husafiri kwa picha za simu,
lakini hakuna apigaye picha kofia nzima.
Nusu tu. Nusu ya pili hubaki kwenye vidole.
Nikauliza nani aliyeanza, na lini,
na kama wateja hawalalamiki.
"Ah, Daktari. Na wewe wayua."

Sikujua.
Naapa, sikujua. Nikaona haya kuuliza tena,
nikanywa kahawa, nikaandika pembeni mwa ukurasa:
*rudi.*
Madaftari yangu yamejaa neno hilo.

Mwaka huu Shali, mtoto wa kaka yangu,
anazihamisha kaseti kwenye kompyuta, mia mbili na tisa,
nyingine zimeota ukungu, nyingine zimeliwa na chumvi.
Kaseti ya kumi na nne, kabla ya Bwanadi kukohoa,
mna sauti ya mama.
Nilikuwa najaribu mashine.

"Kitu hiki kimekula?"
"Kinakula betri, mama."
"Basi kipe maji. Kimekuya mbali."
Kicheko, chake au changu, sijui.
Halafu mimi, kwa sauti niliyoinunua chuoni:
"Jaribio limekwisha."
Na mlio wa kitufe.

Saa mia tatu na ushei nimenasa maneno ya watu.
Ya mama, sekunde kumi na tisa.
Alijua kusoma mawimbi ya redio kwa kivuli cha mnazi uani,
aligeuza antena kila alasiri bila saa,
nami nilipita hapo na kinasa changu begani
nikienda kuhoji majirani.
Sikumuuliza kitu.
Nilidhani nayua.

Shali ameshika kipanya.
"Hii ni jaribio tu, shangazi. Niifute?"
Nje punda wawili wanagombea ganda la tikiti.
Nikamwambia airudishe mwanzo.
"Kwa nini? Ina nini?"

Nikafungua mdomo, na jibu likaja lenyewe,
lile la ukoo mzima.
Nikalimeza.
Nikavuta kiti, nikakaa,
nikaanza kumweleza.